Ukijaribiwa Mamboleo: Kipi Ubebe, Kipi Ukimbie, Kipi Uripoti

Mamboleo ni njia panda. Barabara kuu kutoka mjini Kisumu inapita hapa kabla ya kuupanda mlima wa Riat kuelekea Kakamega, na nyingine inachepuka kwenda Miwani na Chemelil, kwenye nchi ya miwa. Hapa ndipo ulipo uwanja wa michezo wa Jomo Kenyatta, uliofunguliwa Madaraka Dei ya 2021, na ambao Oktoba 2025 ulifurika watu waliokuja kuuaga mwili wa Raila Odinga. Makanisa nayo ni mengi. Waadventista hukusanyika Jumamosi. Waanglikana, Wakatoliki na Wapentekoste hukusanyika Jumapili, na watu wa Roho na wa Legio Maria hupita barabarani na kanzu zao wakiimba.

Katika makanisa hayo yote, mtu aliyefikwa na jambo zito huambiwa neno moja: vumilia. Mara nyingi neno hilo humsaidia. Mara nyingine limempeleka mtu kaburini, kwa sababu aliambiwa avumilie kitu ambacho Mungu hakumtaka akivumilie. Makala hii ni ya Mkristo wa Mamboleo, Kondele, Nyamasaria au Dunga anayetaka kusimama imara bila kuangamia, na ni ya wachungaji na wazee wa kanisa wanaoombwa ushauri kila wiki.

Tambua kwanza umekutana na nini

Mambo yanayomlemea Mkristo si ya aina moja, na kosa kubwa la ushauri wetu ni kuyatibu yote kwa maneno yaleyale. Kuna mzigo: kifo cha mwenzi, ugonjwa usiopona, mto Nyando ulioingia nyumbani, kazi iliyokwisha. Kuna kishawishi: fedha ya kikundi iliyo mikononi mwako, mchezo wa kubeti, chang'aa, mapenzi ya nje ya ndoa. Na kuna dhuluma ambayo mtu anakutendea: kipigo, ubakaji, shamba kunyang'anywa.

Mtume Paulo aliyaishi karibu yote haya, nasi hatumsomi vya kutosha kwa jicho hilo. Mwiba wake wa mwilini, anaoutaja katika Wakorintho wa Pili sura ya 12, aliuombea mara tatu, na alipoona hauondoki akaubeba. Kwa Wakorintho haohao aliandika kwamba zinaa ni ya kukimbiwa. Hakusema wakae karibu nayo wapime nguvu zao. Lakini askari walipomfunga Yerusalemu ili wampige mijeledi, hakuinamisha kichwa. Aliwauliza kama ni halali kumpiga raia wa Rumi ambaye hajahukumiwa, na baadaye akakata rufaa kwa Kaisari. Soma Matendo ya Mitume sura ya 22 na ya 25. Mtu yuleyule, imani ileile, akabeba kimoja, akaagiza kingine kikimbiwe, na cha tatu akakipeleka mbele ya sheria.

Basi kabla hujaanza kufunga na kuomba, jiulize: hiki nilichonacho ni cha kubeba, cha kukimbia, au cha kuripoti? Ukishindwa kujibu peke yako, mwulize mtu ambaye hafaidiki na jibu lako.

Samaki, njaa na jaboya

Kishawishi kikubwa cha ufuo wa Ziwa Victoria kila mtu anakijua, ingawa mimbarani hutajwa kwa kuzungukazunguka. Mwanamke anafika ufuoni alfajiri kununua omena au ngege. Samaki ni wachache, wanunuzi ni wengi, na mvuvi au mwenye mashua anaweka sharti lisilo la fedha: alale naye ndipo auziwe kwanza. Huo ndio uhusiano unaoitwa jaboya. Umeuma nyumba nyingi kutoka Kisumu hadi Siaya na Homa Bay. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa maambukizi ya VVU kwa watu wazima nchini yalikuwa asilimia 4.9. Kisumu yalikuwa asilimia 17.5 na Homa Bay asilimia 19.6. Jaboya si sababu pekee, lakini imo.

Hapa lazima niseme wazi. Mahubiri mengi juu ya jambo hili humlenga mwanamke, na hilo si haki. Aliyeshika samaki ndiye mjaribu. Mama mwenye watoto wanne nyumbani na mtaji wa shilingi elfu moja hakwenda ufuoni kutafuta dhambi. Mvuvi Mkristo, tena yule anayeshika sahani ya sadaka Jumapili, aambiwe kwa jina la kosa lake kwamba anatumia njaa ya jirani.

Yapo pia mambo ya kufanya. Ufuo wa Nduru, huko Nyakach, wanawake waliamua mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwamba dawa ya jaboya ni mwanamke kuwa na mashua yake. Wakajipanga katika kikundi, wakasaidiwa kupata mashua, wakawaajiri wanaume wa kuvua, na samaki wakaanza kufika kwanza kwa mwenye chombo. Waliitafuta njia ya kutoka nje ya kishawishi kwa mikono yao, na hiyo ndiyo njia ya kutokea ambayo Paulo anaiahidi katika Wakorintho wa Kwanza 10:13. Kisha mwaka 2020 ziwa likafura, maji yakakimeza kijiji, na watu wakahama na walichoweza kubeba. Nasimulia na sehemu hii ya pili kwa makusudi. Wanawake wale walishinda kishawishi, kisha wakapata mzigo. Utii wao haukuwakinga na mafuriko, na mhubiri anayewaahidi watu kwamba utakinga anawaandalia siku ya kuikana imani.

Kama huna mashua, bado una njia. Nunueni kwa kikundi: wanawake wa jumuiya moja au wa chama kimoja watoe fedha pamoja, waende wawili au watatu, na bei iwekwe mbele ya mashahidi. Anayedai mwili badala ya fedha apelekwe kwenye kamati ya ufuo, ile BMU. Panga mapema kwa ajili ya miezi ya kufungwa kwa uvuvi wa omena, Aprili mosi hadi Julai 31, maana hapo ndipo mtaji huliwa na deni huanza. Weka akiba kuanzia Januari, na uwe na kitu cha pili cha kuuza, hata mboga.

Na kama tayari umeanguka au umelazimishwa, toba isikuzuie kwenda hospitali. Dawa za dharura za kuzuia VVU, zinazoitwa PEP, hufanya kazi zikianza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita huzipunguzia nguvu. Aliye katika hatari ya mara kwa mara anaweza kupewa PrEP, dawa ya kinga inayotumiwa kabla. Zote hutolewa bure katika vituo vya afya vya serikali.

Simu mkononi, steji haina abiria

Kwa vijana wa Mamboleo kishawishi kikali zaidi kwa sasa ni kubeti. Kijana wa boda boda anangoja abiria, simu iko mkononi, mechi ya Ulaya inaanza, na shilingi mia mbili haionekani kuwa kitu. Zihesabu. Mia mbili kwa siku, siku 26 za kazi, ni shilingi 5,200 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 62,400. Kwa vijana wengi hiyo ni sehemu kubwa ya bei ya pikipiki wanayoilipia kila jioni kwa mwenye nayo. Jambo limekuwa zito kiasi kwamba mwishoni mwa Aprili 2025 serikali ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30.

Injili ya Mathayo, sura ya 4, inaeleza kwamba Ibilisi alimjia Yesu baada ya siku 40 za kufunga, wakati njaa ilipokuwa imemshika, na akaanza na mkate. Kishawishi kina saa zake. Kwa mmoja ni saa nane mchana steji ikiwa kimya, kwa mwingine ni usiku wa kulipwa, kwa mwingine ni kwenye disko matanga. Chukua daftari, kwa wiki mbili andika kila ulipobeti au ulipotamani kubeti: ilikuwa saa ngapi, ulikuwa wapi, na nani, na moyo ulikuwaje. Utaiona ratiba yako imejichora. Ukishaijua, omba kabla ya saa hiyo. Ombi fupi la kabla lina faida kuliko kilio kirefu cha baada.

Kisha fedha isikae karibu nawe. Kila jioni tuma sehemu yake kwa mke, kwa mama, au kwenye sako ambako huwezi kuitoa kwa haraka. Iombe kampuni ya kubeti ifunge akaunti yako, futa programu zao kwenye simu, na ujiondoe Fuliza kama ndiyo inayokukopesha ya kuchezea. Mwambie unayemwamini kiasi kamili unachodaiwa, na waambie wanaokudai pia. Deni linalofichwa ndilo linalorudisha watu mchezoni, kwa sababu mtu huwaza kwamba ushindi mmoja utalifuta kabla halijajulikana. Ukiona huwezi kuacha, au pombe na bangi zimeingia humo, piga 1192, namba ya NACADA isiyo na malipo.

Kuna kamari nyingine imevaa joho. Mtu aliyepoteza fedha kwenye mechi huambiwa apande mbegu ya elfu tano madhabahuni avune elfu hamsini. Tamaa inayochezewa ni ileile. Sadaka ni shukrani kwa Mungu na msaada kwa kazi yake na kwa maskini. Anayekuahidi kwamba itazaa mara kumi ifikapo Ijumaa, usimpe.

Tafuta mtu wa kukuuliza

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Wakristo wa Nyanza wana urithi mzuri wa kutoficha. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930, ulifika Maseno mwaka 1938. Waliookoka walikuwa na desturi ya kukutana kila wiki na kusema waziwazi walipojikwaa, nao waliiita kutembea nuruni. Uamsho haukukosa majeraha. Mivutano yake ndani ya Kanisa la Anglikana ilichangia kuzaliwa kwa Church of Christ in Africa, Johera, mwaka 1957. Lakini ile desturi ya kuulizana ilikuwa ya kweli, na tumeiacha ife kwa urahisi mno.

Hata nyuma zaidi, kwenye ziwa hilihili upande wa Buganda, mashahidi wa Uganda hawakusimama mmoja mmoja. Mwaka 1886, walipojua kifo kinakuja, Charles Lwanga aliwabatiza wenzake ambao bado walikuwa wakifundishwa, wakaenda Namugongo wakiwa kundi.

Ushauri wangu ni kwamba usiungame mbele ya kanisa zima. Siku hizi kila mkutano una simu inayorekodi, na ungamo la Jumapili huwa video ya Jumatatu. Tafuta mtu mmoja au wawili wa jinsia yako, waliokutangulia katika imani, ambao unajua kwamba wameshatunza siri ya mwingine. Mkutane kila wiki, hata kwa nusu saa baada ya jumuiya ndogondogo. Naye akuulize maswali makavu: fedha ya wiki hii ilikwenda wapi? Ulilala wapi? Kuna nini ambacho unaomba nisikuulize? Mtu anayekuonea haya hafai kazi hii, wala anayefurahia kusikia habari za dhambi.

Sala na vidonge

Mwaka baada ya mwaka kuna watu kwenye ufuo huu wanaoacha dawa za VVU kwa sababu mhubiri amewatangazia uponyaji. Ukiacha dawa, virusi huongezeka tena hata kama unajisikia mzima, na vinaweza kuzizoea dawa zilizokuwa zikikusaidia. Anayezitumia vizuri mpaka virusi visionekane kwenye vipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono, anaweza kuzaa mtoto asiye na maambukizi, na anaweza kuzeeka. Huo nao ni wema wa Mungu.

Mfalme Hezekia aliomba kwa machozi, Mungu akamwahidi kupona, na bado nabii Isaya akaagiza kipande cha tini kiwekwe juu ya jipu. Wakoma kumi walipotakaswa, Yesu alikuwa amekwisha kuwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, ambao ndio waliokuwa na kazi ya kuwakagua. Kwa hiyo ukiambiwa umeponywa, shukuru, endelea kumeza dawa, na uende kliniki ukapimwe. Daktari ndiye atakayebadilisha dawa. Mhubiri anayekukataza kupimwa anaogopa majibu.

Kufunga nako kuna mipaka. Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, yalianza kufukuliwa makaburi ya watu walioambiwa kwamba kufunga hadi kufa kutawapeleka kwa Yesu. Miili iliyopatikana ilizidi 400, na mingi ilikuwa ya watoto. Watoto hawafungi. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari na anayetumia dawa za VVU au za kifua kikuu waulize kwanza kliniki. Hakuna anayepaswa kufunga bila maji kwa siku nyingi, na hakuna mfungo halali ambao mtu hana ruhusa ya kuuacha.

Walio chini ya mzigo

Kwa aliyefiwa, aliyepoteza nyumba au aliyeachishwa kazi, Biblia haina haraka ya kuhubiri. Nabii Eliya, katika Wafalme wa Kwanza sura ya 19, alikaa chini ya mti akaomba afe. Malaika hakumkemea. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamlisha tena. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, mlimani. Marafiki wa Ayubu walifanya jambo jema kwa siku saba walizokaa naye kimya. Walipofungua vinywa kumweleza sababu ya mateso yake ndipo walipoharibu.

Mkifika matangani, mpikieni mfiwa, msaidieni mambo ya karatasi, mwacheni alale. Msimwambie kwamba Mungu alihitaji ua bustanini. Baada ya mazishi, turubai likiondoka na magari kurudi Nairobi, ndipo upweke unapoanza. Mgawane zamu za kumtembelea kwa miezi mitatu, kwa majina na tarehe.

Mjane hasa alindwe. Wapo wanaomlazimisha arithiwe, wakimtishia kwamba akikataa tero, yaani kurithiwa huko, chira, laana ya kuvunja mila, itawaua watoto wake, na wapo wanaotumia tishio hilo kumfukuza shambani. Hiyo ni dhuluma, haimo kwenye mizigo ya kubeba. Katiba ya 2010, ibara ya 2, inabatilisha mila inayopingana nayo, na Sheria ya Urithi inampa mjane haki katika mali ya mumewe. Mchungaji au mzee wa kanisa amsindikize kwa chifu na mahakamani, asimwache aende peke yake mbele ya shemeji zake.

Vivyo hivyo kwa anayepigwa nyumbani, awe mke, mume au mtoto. Kumsamehe mtu hakukulazimishi kulala chumba kimoja naye usiku huu. Sheria ya Ulinzi dhidi ya Unyanyasaji wa Nyumbani ya mwaka 2015 inamruhusu aliyeumizwa kuiomba mahakama amri ya kumlinda. Aliyebakwa aende hospitali kabla ya kuoga na kabla ya kufua nguo, na Kisumu anaweza kufika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile tunayoiita Russia, wakati wowote.

Aliyefika mahali pa Eliya, anayetamani kufa, si mpotevu. Mwulize moja kwa moja kama anawaza kujiua. Swali hilo halimpi wazo, linampa nafasi ya kusema. Usimwache peke yake, ondoa dawa za kunyunyizia mimea na kamba zilizo karibu, na umpeleke hospitali. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha sheria kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinapingana na Katiba. Asiogope kusema kwa sababu ya polisi.

Ombi langu kwa viongozi wa makanisa ya Mamboleo na ufuo wote ni dogo na halina gharama. Jumapili hii au Sabato hii, baada ya matangazo, someni namba hizi kwa sauti mara mbili, kisha mzibandike mlangoni, na chooni pia, mahali ambapo mtu anaweza kuzinakili bila kuonekana: 1195 kwa ukatili wa kijinsia, 116 kwa mtoto aliye hatarini, 1192 kwa pombe na dawa za kulevya, 1199 kwa Msalaba Mwekundu.